Tuliikata Pijo ya Baba

Pijo ya baba haipo tena. Haikuibwa, haikugongwa, haikuuzwa. Tuliikata wenyewe uani kwetu Mikindani, Mombasa, kwa spana kwanza na kwa moto wa gesi baadaye, na kila kilichokuwa bado na uhai ndani yake kikapata gari jingine la kwenda. Tangu habari iwafikie ndugu, simu hazijakoma. Wengine wametupa pole kana kwamba tumefiwa. Wengine wamekuja juu: vipi watu wazima wasimame kutazama gari lililowalea likitolewa matumbo? Nawaandikia hawa wa pili, kwa sababu nililipenda gari lile pengine kuwashinda wao, na bado nasema tulilitendea haki.

Lilikuwa Peugeot 504, stesheni wagoni, la petroli, jeupe lililokuja kugeuka manjano kwa jua la Pwani. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, mwishoni mwa miaka ya themanini, alipokuwa karani bandarini Kilindini. Namba yake ilikuwa ya zile za zamani, kabla namba za Kenya hazijaanza kuishia na herufi, na baba aliionea fahari kuliko cheti chochote alichotundika ukutani. Nyumbani hatukusema gari, tulisema Pijo. Pijo ina mafuta? Pijo imelala nje? Nani kaacha mlango wa Pijo wazi?

Vijana waliozaliwa wakakuta barabara zimejaa Probox na Noah wanaweza kushangaa tunalilia nini. Basi niwaeleze. Peugeot walitoa 504 mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Kwao Ufaransa, saluni zake ziliacha kutengenezwa 1983. Huku kwetu ziliendelea kuunganishwa hadi 2004. Gari ambalo Mfaransa alikuwa ameshalisahau, Mkenya alikuwa bado analipokea jipya, na halikuletwa kwetu kwa huruma ya mtu. Lilibaki kwa sababu barabara zetu zililikubali.

Stesheni wagoni ndiyo iliyokuwa Pijo ya watu wengi. Ilikuwa ndefu kuliko saluni: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, mita 2.90. Nyuma ilikuwa na ekseli nzima ya chuma iliyokaa juu ya springi nne, mbili kila upande, ndiyo maana uliweza kuipakia familia na magunia bado ikasimama wima. Ilikuwa na safu tatu za viti. Kwa miaka mingi gari hizi ndizo zilizokuwa matatu za masafa marefu, zikitoka Nairobi kwenda Nakuru, Nyeri na kwingineko, na sifa yao ilikuwa mbio. Haikuwa sifa njema yote, maana nyingi zilijaza watu mpaka mlango ukafungwa kwa bega. Masharti mapya ya matatu yalipoanza Februari 2004, ya mikanda, mstari wa manjano na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, Pijo nyingi zilikuwa zimeshachoka na wenyewe hawakuona sababu ya kuzifufua. Watu walimjia baba mara kwa mara kumshawishi aitie yake barabarani ilete chochote. Jibu lake halikubadilika: hii ni ya watoto.

Na kweli ilikuwa ya watoto. Safu ya mbele walikaa baba na mama. Safu ya katikati walikaa wageni, shangazi, na yeyote aliyekuwa mgonjwa au mjamzito. Safu ya tatu ilikuwa yetu, magoti yakigusa kidevu, huku nyuma ya vichwa vyetu kukiwa na mizigo mpaka dari. Sauti ya mbele haikutufikia vizuri. Tuliweza kugombana, kupatana, kula maandazi yaliyokusudiwa babu na kulala, yote hayo mama asijue. Kaka yangu mkubwa alipoanza kubaleghe na kupewa ruhusa ya kukaa safu ya katikati, alikaa huko safari moja tu, ya kwenda. Ya kurudi alikuwa ameshajisogeza nyuma tena.

Desemba ilikuwa ya Taita, milimani kwa babu. Usiku wa kuamkia safari baba alipanga keria mwenyewe: mchele, sukari, mabati kama kulikuwa na nyumba inayojengwa, juu yake turubai na kamba. Tulitoka kabla ya alfajiri ili tupite mizani ya Mariakani malori hayajapanga foleni ndefu. Kisha Samburu, kisha Taru, ile nyika kavu isiyo na mwisho, tukashusha vioo vyote na vumbi jekundu likaingia hadi kwenye meno.

Mackinnon Road tulisimama kila safari. Pale pana msikiti kando kabisa ya reli, na ndani yake kaburi la Seyyid Baghali, aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli ile. Wasafiri wengi husimama kuomba dua wafike salama. Sisi ni Waanglikana, babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini sijaona hata siku moja baba akipita pale bila kusimama. Alitoa sadaka, akanawa uso, akafungua boneti kuangalia maji na oili. Kwake yote matatu yalikuwa jambo moja. Mama alitumia muda huo kuhesabu watoto.

Halafu Maungu, wanaposimama madereva wa malori, na baada ya hapo tulipanda dau nani ataona tembo wa kwanza. Voi tulikata kushoto, tukapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, na hapo ndipo gari zima lilinyamaza.

Voi haifiki mita 600 juu ya usawa wa bahari. Wundanyi, tulikokuwa tunakwenda, inapita 1,300, na kutoka huku hadi kule si kilomita hamsini. Sehemu kubwa ya kupanda huko imebanwa kati ya Mwatate na Wundanyi, katika kona zinazojikunja moja juu ya nyingine, ukuta upande mmoja na shimo upande wa pili. Baba alikataza mazungumzo. Hakuwa mkali, alitaka kuisikia injini. Gia ya Pijo ilikuwa kwenye usukani, na sisi tuliokaa nyuma tuliuona mkono wake wa kushoto ukienda nayo: ya tatu, ya pili, kona kali, ya kwanza, halafu ya pili tena kwa upole. Alikuwa na uwezo wa kujua kutokana na mngurumo peke yake kwamba maji yanakaribia kuchemka, na alisimama kabla sindano haijasema. Tulikuwa na dumu letu la maji. Aliweka jiwe nyuma ya tairi hata kama breki ya mkono ilikuwa nzima. Sisi tulishuka, tukachungulia tambarare ya Tsavo iliyokuwa sasa iko chini yetu, na baridi ya mlima ikaanza kutuingia kwenye mashati ya Mombasa.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu kona zile isipokuwa kwamba sijawahi kuwa mahali pengine nikaamini kwa kiasi kile kwamba mtu mzima anajua anachokifanya.

Kwa nini Pijo na si gari jingine? Kwa sababu ya Safari Rally, yale mashindano ya magari. Baba alikulia milimani, na miaka ile njia ya Safari ilipopitishwa Milima ya Taita, vijana wa vijijini walishinda kwenye kona wakisubiri vumbi. Mpaka leo atakutajia washindi bila kushika karatasi. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ya 1966 na 1967 ilikuwa ya Bert Shankland wa Tanzania akiwa na Chris Rothwell. Ya 1963 na 1968 ilikuwa ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, na hapa sauti ya baba hupanda, kwa sababu miaka yote hiyo miwili ni magari saba tu yaliyomaliza. Mvua, tope, mito iliyovunja kingo, na mtu yule yule katika Peugeot akafika mara zote mbili. Halafu 504 yenyewe ikaja: 1975 na Ove Andersson, 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Baba hakuvutiwa sana na ushindi. Alikuwa akituambia, "Usiniambie nani kashinda. Niambie nani kafika." Alipopata fedha za kununua gari, alinunua gari linalofika.

Lilifika na kwa watu wengine. Mtaani kwetu wakati ule magari yalikuwa machache, na usiku hodi ikipigwa tulijua. "Mzee, mama watoto amezidiwa." Baba hakuuliza habari za mafuta. Mama alikuwa ameshatoa shuka na beseni. Kiti cha katikati kililazwa, mgonjwa akanyooshwa, na Pijo ikaenda. Wapo watu wazima Mikindani leo, wenye watoto wao, ambao mama zao walisafirishwa hospitalini katika kiti kile wakiwa na uchungu. Pijo ndiyo pia iliyomshusha nyanya yangu kutoka Wundanyi alipokuja kutibiwa Mombasa, na ndiyo iliyompandisha tena, akiwa hai, na akaishi miaka mingi baada ya hapo. Kona zile baba alizipanda siku hiyo polepole mno, na sisi hatukuhitaji kuambiwa tunyamaze.

Miaka ya tisini magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika. Jirani mmoja mmoja akapata lake. Hodi za usiku zikapungua, jambo jema, ingawa nadhani baba alizikosa. Spea za Pijo zikaanza kuwa za kutafutwa: duka moja mjini likafunga, jingine likahamia spea za Toyota, tukawa tunaagiza kwa mtu wa Nairobi azungukie Barabara ya Kirinyaga. Kabureta ilifanyiwa kazi mpaka fundi akasema amebakiza kuzungumza nayo. Gasketi, klachi, pampu ya maji, vyote vilibadilishwa, vingine zaidi ya mara moja. Injini haikuwa na neno. Hata mwaka huu ukiiwasha asubuhi ilikuwa inaitika.

Kilichotushinda ni kutu. Mombasa hewa yenyewe ina chumvi, na chumvi haina haraka. Ilianza chini ya milango, ikapanda kwenye sakafu, tukachomelea. Ikatokea kwenye matao ya tairi, tukachomelea tena, tukapuliza rangi. Kwa macho gari lilikuwa zuri tu. Lakini 504 ya stesheni wagoni haina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Injini ukiipoteza, utapata nyingine. Bodi ikiliwa pale springi zinapokaa, huna tena kitu cha kufungia hiyo injini. Mapema mwaka huu fundi alipiga jeki upande wa nyuma abadilishe tairi, na gari halikuinuka. Jeki ilizama. Ilipenya kwenye bodi kwa sauti ya chini ya kumeguka, na unga mwekundu ukamwagika sakafuni.

Fundi huyu ametutengenezea Pijo tangu akiwa kijana wa kushika tochi. Alikaa chini akagongagonga kwa bisibisi huku na huku kwa muda mrefu, kisha akamwambia baba, "Mzee, hapa hakuna pa kuchomelea. Nikichomelea, nachomelea kutu."

Baba akasema, "Nimesikia."

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Kaka yangu yuko Doha, na kwenye kundi letu la WhatsApp aliandika kwamba atatuma fedha, gari lijengwe upya chini lote, gharama isizungumzwe. Dada yangu alitaka lipandishwe kwenye lori lipelekwe Wundanyi, likae shambani, lipandiwe maua, wajukuu waje kupigia picha. Mama alisema yeye ataridhika na lolote atakaloridhika nalo baba, halafu akatoka chumbani, na sote tulijua maana yake ni kwamba hawezi kulizungumza.

Namheshimu kaka yangu kwa pendo lile. Lakini gari lililojengwa upya chini lote, kwa bodi mpya, lingeendeshwa na nani? Baba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na barabara ya Mombasa ya leo, na malori yake yanavyopitana, si ile ya 1990. Tungekuwa na gari zima lisiloenda popote. La dada ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu ndilo zuri kusikia. Nimeona magari yaliyotunzwa hivyo. Kwetu huku yapo karibu kila kijiji: yalianza na turubai na ahadi, mwaka wa pili turubai limechanika, mwaka wa tatu matairi yameibwa, baadaye kuku wanataga kwenye kiti cha dereva na nyoka yuko kwenye boneti. Mwenye gari akipita anageuza uso. Sikutaka Pijo igeuziwe uso na mtu aliyeipandisha kona za Wundanyi. Na wakati ile yetu ingekuwa inaoza na maua yake, kuna Pijo nyingine mahali zimelala kwa kukosa kioo au gia tulizonazo sisi. Hilo ndilo nililomwambia dada yangu, na hilo ndilo ninalowaambia nyinyi mnaonipigia simu.

Nilipokwenda kumweleza baba nikakuta ameshaanza. Alikuwa na daftari. Wenye Pijo wanajuana, hata wasipoonana miaka kumi. Wana namba za simu za kila mmoja kwa sababu kila mmoja amewahi kumwokoa mwenzake kwa kipande fulani. Baba alikuwa amewapigia wote waliobaki. Kila ukurasa ulikuwa na jina la kiungo cha gari, na chini yake jina la mtu na mji wake.

Siku yenyewe fundi alikuja na vijana wawili. Baba aliwekewa kiti kivulini, daftari mapajani. Aliomba jambo moja, kwamba injini iwashwe kabla haijafunguliwa. Ilishika kwa mgeuzo wa kwanza wa ufunguo. Iliachwa ingurume mpaka ikapata joto, na baba alisikiliza ameinamisha kichwa upande, vile vile alivyokuwa akisikiliza kule Mwatate. Kisha akainua mkono, na fundi akazima.

Injini na gia zake zimekwenda kwa mkulima wa Wundanyi mwenye pikapu ya 504 ambayo injini yake ilikufa. Pikapu hiyo hushusha kabichi na nyanya hadi soko la Kongowea, kwa hiyo injini ya baba itapita mizani ya Mariakani na Mackinnon Road kama ilivyozoea. Baba amemwambia mkulima huyo asimame pale, na mkulima akajibu kwamba yeye husimama kila safari. Kioo cha mbele, ambacho siku hizi kukipata ni kazi, kimekwenda Kaloleni. Difu na springi zote nne zimekwenda Kilifi. Kiti cha safu ya tatu kimechukuliwa na familia ya Malindi ambayo stesheni wagoni yao iling'olewa kiti hicho zamani ili ibebe mizigo, na sasa wana watoto watatu wanaogombania nafasi. Nilimsaidia baba yao kukipakia. Chini ya kiti tulikuta peni, sarafu za zamani na kokwa za maembe. Nilimwomba aziache hizo kokwa, akacheka, akaziacha.

Ganda lililobaki ndilo lililokatwa kwa gesi. Sitasema lilikuwa rahisi kulitazama. Dari lilipotengana na nguzo zake mama aliingia ndani, na mimi nikaenda kumshika mkono. Baba alitaka kila kitu kifanywe kwa karatasi. Mnakumbuka biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku nchini Januari 2022, baada ya minara na nyaya za umeme kuhujumiwa, ikafunguliwa tena miezi michache baadaye kwa masharti. Akasema Pijo yake haitatoka kichochoroni kama mali ya wizi. Mnunuzi aliyekuja alikuwa na leseni yake, akapima, akaandika risiti. Kitabu cha gari na namba zote mbili zikarudishwa ili gari lifutwe kihalali. Zile namba baba alizisafisha kwa kitambaa kabla hajazitoa.

Kaka alipiga simu ya video kutoka Doha jioni hiyo. Hakuuliza tena habari za kujenga upya. Aliuliza nani amechukua usukani, na baba akamsomea daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, na kwa kila jina kaka alisema "haya, vizuri" mpaka sauti ikamkwama kwenye kile kiti cha nyuma. Dada amenuna, lakini wiki iliyopita aliniomba nimtumie picha ya pikapu ya kabichi ikiwa inatembea, na nimemtumia.

Vipo vitu vichache ambavyo bado havijapata mwenyewe: mlango mkubwa wa nyuma pamoja na kioo chake, ambao hauna kutu hata kidogo, taa ya nyuma ya kushoto, na keria. Vinafaa stesheni wagoni peke yake. Baba haviuzi, anatoa bure. Sharti lake ni moja, kwamba anayevihitaji asitume mtu wala basi la vifurushi. Aje mwenyewe, na aje akiendesha hiyo Pijo, ili afungue boneti na kuiwasha pale uani, baba aisikilize.